Maji ya Ridi

Tulasa alilisema jambo lile bombani, mbele ya wanawake wote, tena akicheka, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumkemea.

"Shobha, umepata mkwe hata hutuambii?"

Shobha alikuwa amechutama akisugua sufuria kwa majivu. "Mkwe wa wapi? Subarna hata shule hajamaliza."

"Basi labda yeye ndiye ameolewa." Wengine walianza kutabasamu kabla hawajajua kisa. "Juzi nimekwenda karakanani kwenu kufuata mtungi wangu. Namkuta mwanao na yule mtoto wa askari mstaafu Subedar Ale, wa kabila la Magar, Khim. Khim kashika karuwa, anacheka, kashindwa kujimiminia, kaweka mdomo kwenye mrija akanywa. Sawa, watoto hao. Mwanao kaipokea. Hakuisuuza, hakumwaga hata tone. Kaweka mdomo palepale. Palepale, jamani! Mimi nilipoolewa nilikula mabaki ya mume wangu kwa sababu mama mkwe alikuwa amenikodolea macho. Huyu hakukodolewa macho na mtu!"

Wakaangua kicheko. Mmoja alicheka kiganja kikiwa mdomoni, na macho yake yalitua kwa Shobha yakakaa hapo zaidi kuliko ilivyofaa.

Kwetu Tansen, mji wa milimani Nepal, karuwa ni birika la shaba lenye mrija, na mtoto hufundishwa kulinywea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati: unalinyanyua juu, unafumbua kinywa, maji yanashuka, midomo haigusi. Kilichoguswa na midomo ya mtu huitwa jutho. Mama hula jutho ya mwanawe mchanga, na mke hula ya mumewe. Mtu mwingine yeyote huimwaga.

Shobha aliinamia sufuria yake. Mke wa muuza peremende, mama mtu mzima ambaye zamu ilikuwa yake, alisogeza mtungi wake pembeni akavuta wa Shobha chini ya bomba. "Jaza uende, mwanangu. Moto wako utazimika."

Moto wa Shobha ulikuwa haujawashwa, na wote wawili walijua hivyo.

*

Purnaratna, mume wa Shobha, alikuwa msubu shaba kama baba yake na babu yake, na karuwa zake zilijulikana mpaka mji wa Butwal. Jioni ile walipokaa kula, mkewe alisubiri ameze matonge ya kwanza ndipo akasema, bila kumtazama mtu, "Watu wanasema Suba amekunywa jutho ya mtoto wa Kimagar."

Tonge la Subarna likasimama njiani. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwembamba, na masikio mepesi kuwaka. Yakawaka.

"Ni kweli?" baba yake akauliza.

"Nilikuwa na kiu, Baba."

"Kiu!" Purnaratna alisukuma sahani. "Nyumba hii imejengwa kwa karuwa. Huo wali unaokula umetoka kwenye karuwa. Mtoto wa fundi karuwa hajui kunywea karuwa! Kesho nitaambiwa samaki amezama."

"Mwache ale," akasema Bibi Tirthamaya kutoka pembeni kwake karibu na jiko. Ndiye aliyemzaa Purnaratna. Meno yalikuwa yameisha, na Shobha alimponda wali kwa maziwa kila mlo bila kukumbushwa. "Mtu akigombezwa na chakula mdomoni, chakula kinakwenda kwenye mapafu."

"Mama, hili si jambo la mapafu."

"Kila jambo ni la mapafu," akasema bibi kizee, akaendelea kutafuna kwa fizi.

Subarna alipokuwa akiosha sahani aliwasikia wazazi wake nyuma ya ukuta wa mbao. Sauti ya mama ilikuwa chini sana, na kwa sababu hiyo kila neno lilimfikia.

"Hawasemi habari ya kabila, baba Suba. Wanasema kama mke. Wanasema alikunywa kama mke."

Kisha baba yake, kwa sauti ambayo Subarna hakuwahi kuisikia, akauliza: "Kama yule kijana wa duka la vitambaa?"

Subarna alishika ukingo wa beseni. Alikuwa mdogo siku ile, lakini alikumbuka. Aliona kutoka dirisha la juu jinsi wanaume wa sokoni walivyomvuta yule kijana, uso umepakwa masizi ya chini ya vyungu, shingoni kavishwa viatu vikuukuu kama shada la maua. Watoto walikuwa wakirusha vijiwe, na hakuna aliyewakataza. Bibi Tirthamaya alimvuta Subarna akafunga dirisha, lakini kabla ya kulifunga alivua mtandio wake akaudondosha barabarani, ili yule kijana apate cha kujifutia. Baadaye kijana alikwenda India. Baba wa kijana aliondoa picha ya mwanawe dukani, na ukutani pakabaki alama nyeupe ya mraba ambayo wateja walijifunza kutoitazama.

Kitu alichokuwa nacho Subarna moyoni hakikuwa na jina. Alijua tu kwamba Khim akiingia karakanani, mahali pale palipata joto kabla tanuri halijawashwa. Na alijua kwamba masizi yale yalikuwa ya watu wenye kitu hicho.

*

Kesho yake Purnaratna alifunga karakana mapema, akavaa kofia yake nzuri ya kitambaa cha dhaka, akapanda mtaa wa juu kwa Subedar Ale. Alirudi amechangamka, ananuka pombe ya ulezi, mkononi ana kifurushi cha peremende.

"Nimepata dawa," akasema, akakaa katikati ya chumba. "Tutawafungisha vijana wawe mit."

Mit ni ndugu wa kiapo. Wawili hukalishwa mbele ya taa na kuhani, hubadilishana kofia na mashada, na tangu hapo wazazi wa huyu ni wazazi wa yule, na huyu akifiwa, yule naye hunyoa kichwa. Ni heshima inayopita ya kuzaliwa tumbo moja, na ina sheria zake. Mit haitwi tena kwa jina. Huitwa mitjyu mpaka siku maiti yake inapochomwa moto. Hatanii na mwenzake, hagombani naye, hagusi kilichoguswa na midomo yake, na humsemesha kwa adabu ile anayosemeshwa mkwe.

"Sasa nani atacheka?" Purnaratna alikuwa akihesabu kwa vidole. "Wakionekana pamoja, ni mit. Wakinong'onezana, ni mit. Subedar amekubali palepale, kashika mikono yangu yote miwili. Anasema maji ya kufungia atayafuata mwenyewe Ridi, kwenye mto mtakatifu, kwa miguu. Na Tulasa nitamwalika. Nitamweka mbele kabisa, kwenye kiti, ale nyama mpaka mdomo ujifunge."

Shobha aliinamia jiko. Mabega yake, ambayo tangu siku ya bombani yalikuwa juu karibu na masikio, yakashuka. Alifuta macho kwa ncha ya sari. "Moshi huu," akasema, na kuni zilikuwa kavu.

"Subarna, husemi kitu?"

"Asante, Baba."

Purnaratna akamwekea mkono kichwani. Hakuwa amefanya hivyo tangu mwanawe alipoanza kuota ndevu. Ulikuwa mkono mzito, wenye makovu ya shaba ya moto, na uling'ang'ania kichwa cha Subarna kama kitu kinachoweza kudondoka. Hapo akaelewa kwamba baba yake hakuwa na hasira. Aliogopa tu, kama yeye.

*

Khim alikuwa akimngoja kwenye kilima cha misonobari, mahali walipozoea kusomea. Alikuwa kijana mfupi, mpana wa kifua, ana kovu la kidevuni, na kicheko kilichomtoka kabla hajajua anacheka nini.

"Baba amefurahi mpaka amepiga viatu rangi," akasema. "Nishani ameziweka juu ya meza anazipangusa moja moja. Utadhani ni yeye anayefungishwa."

Subarna alikaa. Aliacha nafasi kati yao, pana kiasi cha mtu mmoja kukaa.

"Mitjyu," Khim akajaribu, kwa sauti nzito. "Mitjyu, chai imekwiva? Mitjyu, goti langu linasema mvua inakuja." Akacheka. "Kama wazee wawili wenye vitambi."

Subarna hakucheka.

"Sema basi."

"Hutaniita Suba tena."

"Nitakuita moyoni."

"Ya moyoni haisikiki, Khim."

Khim aliokota sindano za msonobari, akazisuka, akazifumua. "Unataka kukataa?"

"Nikikataa, Baba atauliza kwa nini."

"Mimi nikikataa, baba naye atauliza. Na yeye huuliza na mkanda wa jeshi." Kisha utani ukamtoka. "Nimewaza sana. Kila sikukuu ya Dashain nitakuja kwenu, mama yako atanipaka tika ya baraka kwenye paji la uso kama mwanawe. Ukioa nitakuja, nitakaa mahali pa ndugu, nitakula. Nitakuwepo siku zote. Kama picha ukutani."

Nyuma yao kitawi kikavunjika. Waliruka wote wawili, huyu huku, yule kule, Khim akaparuza kiwiko kwenye gome la mti.

Alikuwa mbuzi. Aliwatazama, akatafuna, akaenda zake.

Khim alicheka, akafuta damu kiwikoni. "Tulikuwa tumekaa tu," akasema. "Mbona tumeruka?"

Waliteremka kilima kwa njia mbili tofauti bila kuambizana.

*

Bibi Tirthamaya alikuwa na miguu inayouma, na mchana jua likifika ukumbini Subarna humpaka mafuta ya haradali yaliyopashwa moto. Alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni, na si kwa kutumwa. Siku hiyo alipaka kisigino kimoja muda mrefu kupita kiasi.

"Bibi, mtu akiapa mbele ya taa kwamba fulani ni ndugu yake, na si kweli, inakuwaje?"

"Kwani fulani ni adui yake?"

"Hapana."

"Kamwibia?"

"Hapana, Bibi."

"Anamchukia?"

Subarna alitazama mafuta bakulini. "Hapana. Kinyume chake."

Mguu wa bibi ulibaki mikononi mwa mjukuu, na aliona jinsi mikono ile ilivyopoa, ingawa mafuta yalikuwa ya moto. Chini barabarani Tulasa alikuwa akipatana bei ya figili kwa makelele. Bibi alisikiliza mpaka figili zikanunuliwa.

"Mimi nilikuwa na mit wangu," akasema. "Msichana wa Kimagar, kutoka bonde la chini. Tulikuwa hatuachani, basi wakubwa wakasema tufungishwe. Wakafanya karamu nzuri sana. Tangu siku ile sikulitaja jina lake, mpaka siku walipoibeba maiti yake kwenda kuichoma mtoni. Nikabaki nyuma ya watu nikajaribu kulisema. Lilinishinda. Ulimi ulikuwa kama mlango uliokamata kutu."

"Jina lake nani, Bibi?"

"Belmati." Akafikiri kidogo, akalirudia kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Belmati."

Subarna alihamia mguu wa pili.

"Hayo maji ya Ridi," bibi akauliza, "Subedar anayafuata kwa miguu kweli?"

"Anasema ndiyo heshima."

"Na magoti yake yale! Mtu mwema. Bonyeza vidole, mbona mkono umelegea?"

*

Siku ya kufungishwa, ua ulipakwa udongo mwekundu na samadi, ukanuka vizuri. Shobha alikuwa ameamka kabla ya kuku. Taa iliwashwa, mashada ya maua ya manjano yakalazwa kwenye sinia pamoja na kofia mbili mpya, na katikati, juu ya rundo la mchele, palisimamishwa karuwa aliyoisubu Purnaratna kwa ajili ya siku hiyo. Hakuwahi kutengeneza nzuri kama ile. Ndani yake mlikuwa na maji ya Ridi. Subedar Ale aliyatembeza kutoka mtoni bila kuyatua chini, na sasa alisimama na nishani zake kifuani, akibadilisha uzito mguu huu na ule kwa sababu ya malengelenge, bila kumlalamikia mtu.

Tulasa alikalishwa kwenye kiti, mbele kabisa, kama Purnaratna alivyoahidi.

"Nitamimina maji haya kuwazunguka vijana," kuhani akaeleza. "Duara likikutana, undugu umefungwa, haufunguliwi na mtu. Saa njema ni mpaka jua livuke lile paa la jirani. Likivuka, tena ni mwakani."

Subarna na Khim walikaa wakitazamana, miguu imekunjwa. Khim alitazama mchele. Jasho lilikuwa likimteremka Subarna mgongoni, na alishika magoti kwa viganja, kisha akaogopa kwamba watu wataona ameyashika, akayaachia.

"Mko tayari kuwa mit?"

"Tayari," akasema Khim, kwa sauti ya gwaride.

Subarna alifumbua kinywa. Sauti haikutoka.

Kuhani alingoja. Aliyekuwa akikohoa aliacha kukohoa. Tulasa aliinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku aliyeona kitu chini.

"Kijana?"

Shobha alikuwa ameikunja ncha ya sari ndani ya ngumi. Jua lilikuwa limefika kwenye vigae vya mwisho vya paa la jirani.

"Sema, mwanangu," Purnaratna akasema. Akajaribu kutabasamu kwa wageni. "Anaona haya. Sema, Suba." Kisha, chini kabisa, si kwa amri tena: "Nakuomba, sema."

Subarna alimwona baba yake midomo imekuwa myeupe. Alimwona Khim, ambaye sasa aliinua macho, na macho yale hayakuwa yakimsaidia upande wowote. Neno lilianza kupanda kooni, na yeye mwenyewe hakujua ni lipi kati ya mawili. Moja lingemfungia nje maisha yake yote. La pili lingeleta masizi.

"Kiu," mtu akasema.

Bibi Tirthamaya alikuwa amesimama. Alivuka ua kwa fimbo yake, taratibu, akaipita taa, akainama akaichukua karuwa juu ya mchele. Watu walidhani anataka kumpa kijana maji alowanishe koo, na mke wa muuza peremende hata akasema, "Ndiyo, Mama, mpe kidogo."

Bibi aliuingiza mrija kinywani mwake. Akaufunga kwa midomo yote miwili, akafumba macho, akanyonya kama ndama. Maji yalimtiririka kidevuni, yakalowesha kifua cha blauzi yake mpya.

"Mama!"

Hakuacha. Alikunywa mpaka pumzi ikamwishia, ndipo akautoa mrija, akaufuta kwa kiganja, akaurudisha mdomoni.

Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumwaga mtungi mzima kwa sababu kivuli cha kunguru kilipita juu yake. Ndiye aliyeshika funguo za chumba cha miungu tangu aliposhika ujane, na hakuna maji yaliyoingia jikoni mle bila jicho lake.

"Ameyanajisi!" kuhani akasema, amesimama. "Maji yote! Purnaratna, ondoa mama yako!"

"Matamu," akasema bibi. "Ya wapi haya?"

Mtoto mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, na cha juu kuliko vyote kilikuwa kicheko cha Tulasa, aliyejipiga paja mpaka kiti kikalia. "Loo! Kumbe tabia ndiko ilikotoka! Nilidhani ya mjukuu, kumbe ni ya ukoo! Nyumba nzima inanyonya mirija!"

Purnaratna alifunika uso kwa kofia yake.

Kuhani alitazama paa la jirani. Jua lilikuwa limevuka. "Maji hayafai na saa imepita," akasema, akianza kukusanya vitu vyake kwa hasira. "Na mkubwa wa nyumba akivunja mwenyewe jambo la nyumba yake, mimi silirudii. Mwakani tafuteni mwingine."

Hapo ua mzima ukamkumbuka Subedar Ale. Alikuwa bado amesimama na malengelenge yake. Alitembea mpaka kwa bibi, nishani zinagongana, na Khim alijikunja kama mtu anayesubiri kupigwa. Subedar alitoa leso mfukoni, akaikunjua, akampangusa bibi kizee kidevu, taratibu, pande zote mbili.

"Mama yangu mimi," akasema, "siku zake za mwisho alimkaribisha mbuzi chai. Akamkasirikia kwa kutosema asante." Akamgeukia Purnaratna. "Kaka Purna, nyama haijanajisika. Wape watu nyama."

*

Wakala. Wanawake walimshika bibi mikono wakampeleka pembeni, wakawa wanamsemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi. "KETI HAPA, BIBI! USISIMAME TENA, EH?" Alikaa walipomkalisha. Aliletewa chakula kwenye sahani ya peke yake. Tulasa alimpigapiga begani akasema, mbele yake, "Maskini. Akili zimekwenda," na bibi akamtazama kwa upole akamwambia ana meno mazuri.

Purnaratna alimwambia mkewe achukue funguo za chumba cha miungu kutoka kiunoni kwa mama yake, na Shobha akazichukua, watu wakiona. Tangu siku hiyo Bibi Tirthamaya hakuruhusiwa kugusa mitungi ya jikoni. Alitengewa karuwa yake, kuukuu, yenye bonyeo, ikakaa kwenye pembe yake mbali na vyombo vingine.

Bombani waliisimulia hadithi ile mpaka ikachuja. Mtu akichelewa kujaza mtungi waliambizana asije akanyonya kama wale wa Purnaratna. Shobha aliinamisha kichwa akasugua sufuria zake. Masikio yake yalisikiliza kila siku kama lile neno la kwanza litarudi, lile la mke. Kuna siku lilikaribia, akadondosha sufuria makusudi. Asubuhi moja bibi alipotandua kitanda chake alikuta funguo za chumba cha miungu chini ya mto, zimefungwa kwenye kitambaa safi. Shobha alikuwa jikoni akiponda wali kwa maziwa, na hakugeuka.

*

Subarna alimletea bibi yake chakula cha mchana pembeni kwake, akakaa sakafuni. Khim hakuwa amekuja tangu siku ile, wala yeye hakuwa amekwenda mtaa wa juu. Karakanani alifanya kazi mgongo ukiwa ukutani, ili amwone kila anayeingia.

"Bibi, ulikuwa na kiu kweli?"

"Sana."

"Kiu ya maji?"

"Ya nini tena? Nipe achari."

Alimpa. Kisha akaichukua ile karuwa yenye bonyeo, akainyanyua kama ya kujimiminia, akasita, akaishusha, akaweka midomo yake pale midomo ya bibi inapowekwa. Akanywa. Bibi alimtazama hadi mwisho, mkono una tonge hewani.

"Utazoea vibaya," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Chini barabarani mtu akaita.

"Suba! We, Suba!"

Kisu cha Shobha kikanyamaza juu ya ubao jikoni. Subarna hakusogea. Ng'ambo ya barabara, dirisha la Tulasa lilikuwa wazi upana wa kiganja.

"Suba! Umelala?"

"Unaitwa," bibi akasema.

"Nimesikia, Bibi."

"Sasa mjibu mtu. Au amekuwa mitjyu?"

Alikwenda dirishani. Khim alikuwa amesimama katikati ya barabara, shati limetoka nje ya suruali, anajifanya anatazama kichaka cha waya za umeme. Subarna alishika fremu ya dirisha.

"Khim," akasema.

Jina halikufika hata ng'ambo ya kizingiti.

"Hiyo hata mimi sijaisikia," bibi akasema akitafuna, "na mimi ndiye mwehu wa nyumba hii."

Jikoni kisu kikaanza tena kukata, polepole, kwa sauti kubwa kuliko mboga zilivyohitaji.

"Khim!" Subarna akaita. "Ningoje, nakuja!"

Dirisha la Tulasa likafunguka zaidi. Subarna aliliona. Akageuka, akashuka ngazi ameshika ukuta.